Niambie Unacheza Nini Sasa Hivi

Hotuba ya kufungua mkutano wa wacheza gemu, Dar es Salaam

Ndugu zangu, wadogo zangu, na wazazi mliowasindikiza watoto wenu mpaka humu ndani, habari za mchana.

Wiki hizi nacheza Hollow Knight: Silksong, na naomba mniruhusu nianze nayo kabla sijamshukuru mtu yeyote, maana imenijaa kifuani. Unamcheza Hornet, mdudu wa kike mwenye sindano ndefu ambayo ndiyo silaha yake. Ametekwa, amefungiwa kwenye kizimba, anapelekwa nchi inayoitwa Pharloom. Anatoroka na kuporomoka mpaka chini kabisa ya nchi hiyo, na kazi yako ni kumpandisha hadi ngome iliyoko kileleni.

Sasa sikilizeni jambo moja dogo. Katika gemu iliyotangulia, ukiruka na kupiga kuelekea chini, pigo lilishuka wima, likakudundisha juu ya kichwa cha adui, ukaendelea na safari. Hornet hapigi hivyo. Yeye anashuka mshazari. Ukimkuta adui chini ya miguu yako hasa, unampita pembeni na kuangukia kwenye miiba. Kwa hiyo inabidi ukae mbali kidogo kabla ya kuruka, upime nafasi, umfikie adui kutoka upande. Kuna sehemu yenye maua mekundu yanayoelea juu ya shimo, na huvuki mpaka uyadunde moja baada ya jingine kwa pigo hilo la mshazari. Siku ya kwanza vidole vinakataa kabisa. Siku ya tatu unajikuta unavuka huku ukiongea na mtu aliyeko jikoni. Hakuna kitu kilichobadilika kwenye gemu, umebadilika wewe, na raha yake siwezi kuilinganisha na kitu kingine.

Nilikuwa bado nateseka na maua hayo nilipokwenda Kariakoo kununua chaja. Kijana wa dukani alikuwa anacheza gemu hiyohiyo chini ya meza. Nikamwambia nilipokwama. Akaniambia, "Dada, ile nembo ya Wanderer hujaichukua? Rudi kule mwanzo wa ramani, kuna chapeli imejificha. Ukiivaa, pigo linashuka wima." Kisha akanieleza alipofika yeye, bosi gani, yaani adui mkubwa wa kufunga hatua, anamsumbua, na wimbo gani unapigwa akiingia chumba cha bosi huyo, akauimba hapohapo mbele ya wateja. Nilitoka dukani nikitembea haraka kuwahi nyumbani.

Kijana yule alikuwa hajamaliza gemu, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mtu aliyemaliza anakupa hukumu. Atakuambia ni nzuri, ni ndefu mno, mwisho wake haukumridhisha, anaipa nane kwa kumi. Hukumu ina kazi yake, hasa kwa mtu mwenye hela ya gemu moja tu kwa mwaka. Lakini mtu aliyeko katikati ana kitu ambacho aliyemaliza ameshakipoteza. Bado hajui itamfikisha wapi, na mikono yake inakumbuka kilichotokea jana usiku. Ukimsikiliza unasikia gemu yenyewe inavyokuwa mkononi. Ninataka tuwe jamii ya watu wanaoulizana kila wanapokutana: unacheza nini sasa hivi? Na anayeulizwa ajibu kwa kirefu, bila haya.

Wengi wetu humu tumesomea shule hiyo. Kibanda cha gemu cha mtaa wetu kule Temeke kilikuwa na TV mbili za chogo na PS2 mbili, na benchi ambalo waliokaa walikuwa wengi kuliko waliocheza. Aliyefungwa anatoka. Diski ya Winning Eleven, gemu ya mpira, ilikuwa ya Kijapani, na hapakuwa na mtu hata mmoja mtaani aliyejua kusoma Kijapani. Pamoja na hayo, kila mtoto alijua mstari wa ngapi ukibonyeza unapanga kikosi, na mstari wa ngapi unabadilisha mfumo, kwa sababu mtoto aliyetangulia alimwambia. Hakuna kitabu kilichotufundisha. Tulifundishwa na midomo ya watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu.

Na siri za GTA: San Andreas mnazikumbuka? Ni vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio, na viliandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la Hisabati, mshale kwa mshale. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Hiyo inakupa afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Gemu ilitoka mwaka 2004, na mpaka leo naona baadhi yenu mmeanza kutikisa vidole. Mlinakili kutoka kwa nani? Yeye alinakili kutoka kwa nani? Karatasi zile zilitembea kutoka Temeke mpaka Mwanza bila bando, bila intaneti, kwa nguvu ya mtu mmoja kushindwa kukaa na habari tamu peke yake.

Wazee wetu wanaujua mwenendo huu vizuri kuliko sisi. Nenda baraza lolote la bao, iwe Zanzibar, Bagamoyo au Kilwa. Mbele ya wachezaji kuna mashimo 32 na kete 64, na pembeni kuna watu wanaosema. Mtu anashika kete, anasita, na pembeni wanaanza kubishana kama ale kushoto au kulia, kama nyumba yake itasimama au itavunjwa. Kijana anayesimama pale miezi kadhaa bila kushika kete hata moja, siku akikalishwa atakushangaza. Benchi la kibanda cha gemu lilikuwa baraza hilohilo, ila lilikuwa na waya.

Nitawapa ushahidi kwamba maneno haya yana uzito. Nendeni nami Lahore, Pakistan. Mwaka 2019, kijana anayeitwa Arslan Siddique, jina lake la uwanjani Arslan Ash, alikwenda Japani kwenye EVO Japan, tawi la EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, akicheza Tekken 7, gemu ya watu wawili kuchapana. Wakorea na Wajapani ndio waliokuwa wafalme wa Tekken kwa miaka mingi, na yeye wengi hawakumjua. Akachukua ubingwa. Agosti mwaka huohuo akaenda Las Vegas, kwenye EVO yenyewe, akamshinda kwenye fainali Knee wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote katika historia ya gemu hiyo. Walipomuuliza ametokea wapi, alichosema kiliwatikisa wengi: kwamba nyumbani kwao wapo wengine wa kiwango chake, na wengine zaidi. Basi mabingwa wakaanza kufunga safari kwenda kujionea. Knee mwenyewe alipanda ndege kwenda Pakistan kucheza nao.

Walifikaje huko? Tekken hukimbia kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde. Ngumi ya haraka kabisa huchukua fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Yapo mapigo ambayo adui akiyarusha nawe ukayakinga, anabaki wazi kwa muda huo mdogo tu. Jicho peke yake haliwezi kukufundisha hilo katikati ya pambano. Unahitaji mtu aliyekaa karibu yako akuambie, "Hilo pigo likishakingwa, mrudishie hapohapo." Lahore walikuwa na kumbi za gemu ambamo vijana walikaa bega kwa bega, wakachapana na kuambizana, usiku baada ya usiku. Ujuzi ulipanda kwa wote kwa pamoja. Sielewi kwa nini tusifanye hivyo Mbagala, Sinza au Arusha. Majirani zetu Wakenya wamekwishaonyesha njia. Sylvia Gathoni, mnayemjua kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kulipwa kwa kipaji chake cha Tekken, na nasema hili nikiwatazama wasichana walioketi safu ya kushoto. Mimi nilikuwa msichana peke yangu kwenye benchi lile la Temeke. Leo nawahesabu humu nashindwa kumaliza, na moyo wangu unafurahi.

Sasa niwaambie yale ambayo watu wamenisimulia miezi ya karibuni, ili muone ninachotaka.

Mwalimu mmoja wa sekondari anacheza Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya kampuni changa ya Sandfall Interactive kutoka Montpellier, Ufaransa. Ilitoka Aprili 2025, na Desemba ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Lakini mwalimu hakunitajia tuzo. Aliniambia hivi: kuna jiji, na mbali baharini kuna mnara mkubwa wenye namba. Kila mwaka mwanamke mchoraji anaamka, anaifuta, anaandika namba iliyo ndogo zaidi, na watu wote waliofikia umri huo wanapukutika na kuwa vumbi na petali za maua, mbele ya wapenzi wao. Mwaka ambao gemu inaanza, anaandika 33. Mwalimu ana miaka 33. Aliniambia alishusha pedi, akakaa kimya, akampigia simu mama yake. Amenikataza kabisa kuwasimulia yanayofuata, na namheshimu kwa hilo. Lakini alisimama katikati ya chumba cha walimu akanionyesha namna ya kukwepa mapigo, kwa sababu ingawa mnapigana kwa zamu, adui akikushambulia unaweza kulikinga pigo lake ukibonyeza kwa wakati barabara. Mbona hamkai tu mkisubiri zamu, nikamuuliza. Akasema, "Hapo ndipo utamu ulipo, hata zamu ya adui ni yako."

Dereva mmoja wa bajaji anacheza Balatro kwenye simu. Hii imetengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk na asiyetaka jina lake halisi lijulikane. Ilitoka Februari 2024, ikaja kwenye simu Septemba mwaka huo. Ni karata. Ukiweka jozi unaanza na pointi 10 mara 2. Jozi ya K inaongeza 10 kwa kila karata, basi ni 30 mara 2, unapata 60. Hatua ya kwanza inataka 300, kwa hiyo bado uko mbali. Lakini ukinunua jokeri mmoja wa kawaida kabisa, anayeongeza 4 kwenye ile 2 ya kuzidishia, jozi ileile inakuwa 30 mara 6, unapata 180. Wapo jokeri 150, kila mmoja na tabia yake, na wanasaidiana kwa njia ambazo hata aliyewaunda nadhani zilimshangaza. Dereva huyu alinichorea hesabu yote kwenye vumbi la kioo cha bajaji tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Tazara. Sijasikia hesabu ikifundishwa kwa mapenzi namna ile.

Na ipo moja ambayo naomba tukae nayo kidogo. Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Imeongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wengi mmesikia sauti yake akiwa Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na gemu hii ameijenga juu ya msiba huo. Zau ni mganga kijana. Baba yake amekufa, naye anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie. Kalunga anakubali kwa sharti la kuletewa roho kuu tatu zilizogoma kuvuka. Zau ana vinyago viwili. Kinyago cha jua ni cha moto na kupigana karibu, cha mwezi ni cha barafu na kupiga kwa mbali, nawe unavibadilisha katikati ya pambano kwa kitufe kimoja, mpaka inakuwa ngoma.

Kinachonishika mimi ni mibuyu. Ukikuta mbuyu, unaweza kumkalisha Zau chini yake. Anakaa, Kalunga anakaa naye, wanazungumza juu ya marehemu. Hapigani na mtu. Akiinuka, uhai wake umeongezeka. Nilimzika baba yangu, na wengi wenu mmezika, kwa hiyo mnajua kwamba watu wanaokuja kukaa mkekani na kusema habari za marehemu ndio wanaokuwezesha kuinuka kesho yake. Kuliona jambo hilo kwenye gemu, na kuliona likikuongezea nguvu kweli, kwa namba, pale juu ya skrini, kulinitoa machozi.

Na gemu hiyo unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Mwanzo hadi mwisho. Ingieni kwenye mipangilio, badilisheni lugha ya sauti, kisha mzime taa. Miaka mingi lugha yetu kwenye gemu ilikuwa ya kupigiwa kelele na maadui, kama kwenye Resident Evil 5 ya mwaka 2009, ambako watu walioambukizwa wanakufuata na mashoka huku wakipayuka Kiswahili. Civilization IV ilitutendea vizuri zaidi, kwa kuwa wimbo wake wa mwanzo ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, uliotungwa na Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Lakini kwenye Zau, Kiswahili kinabembeleza, kinagombana, kinaomba radhi, kinaaga. Nawasihi, atakayeicheza asimulie. Gemu ya namna hii haina mabango barabarani. Ina sisi tu.

Sasa nigusie aibu, maana najua imo humu. Wapo waliokuja leo na hawajui kama wanastahili kiti, kwa kuwa wanacheza Free Fire kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, au eFootball kwa bando la mwenzao. Mama mmoja hapo mlangoni alinong'ona kwamba yeye anacheza Candy Crush tu. Mama, neno "tu" nakuomba uliache nje. Wewe uko hatua gani? Ipi ilikukwamisha? Hayo ndiyo tunayotaka kusikia. Na wapo vijana wanaokaa usiku kucha kuchora jezi za Simba na Yanga na kuziingiza kwenye Dream League Soccer, kisha wanawagawia wenzao bure. Hao kwangu ni watu wakubwa, na natumaini mmoja wao atasimama leo atuonyeshe anavyofanya, rangi kwa rangi.

Halikadhalika anayecheza gemu ya zamani. PS2 ni mashine iliyouzwa kuliko nyingine zote za aina yake, zaidi ya milioni 150, na kwetu bado zinaunguruma. Usimcheke mtu anayegundua leo kitu ulichokigundua wewe mwaka 2006. Mwenzako ana mshangao ambao wewe huwezi kuupata tena, isipokuwa kwa kumsikiliza yeye.

Wazazi, mnaniuliza nafasi ya masomo na usingizi iko wapi. Ipo, na sitaipinga hata kidogo. Mtoto alale, luku isiishe kwa ajili ya gemu. Lakini jioni ya leo mkifika nyumbani, keti karibu naye dakika chache, umwambie akueleze anachofanya kwenye skrini ile. Atakueleza kwa sentensi ndefu kuliko zote ulizomsikia akisema mwaka huu.

Basi utaratibu wa mchana huu uko hivi. Kipaza sauti kitazunguka kuanzia safu ya nyuma. Ukikipata, taja gemu unayocheza wiki hii, umefikia wapi, halafu utupe kitu kimoja kwa undani kabisa: pigo, chumba, wimbo, goli la dakika ya 90, chochote. Usitoe mwisho wa hadithi bila kutuonya kwanza, ili wasiotaka kusikia watoke nje kidogo. Hakuna kupanga gemu ipi bora. Ukiona mtu amesimulia unayocheza nawe, mfuate wakati wa chai. Kule pembeni kuna TV nne, Tekken 8 iko kwenye mbili, na sheria ni ileile ya zamani: aliyefungwa anatoka.

Naona kaka mwenye fulana ya njano ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja Balatro. Mpeni kipaza sauti.